Nilisema Inawaka

Juzi nilimwita fundi apulizie rangi geti la nyumba yangu. Kijana mstaarabu, kazi yake safi, hana maneno mengi. Alipotikisa kopo lake, ile gololi iliyomo ndani ikalia mara tatu nne, kisha harufu ikapita dirishani hadi jikoni nilikokuwa nachambua mchicha. Niliacha mchicha, nikatoka mbio na kumwambia aache mara moja. Akaniuliza kwa huruma kama nina pumu. Nikasema ndiyo, nina pumu. Sina pumu hata kidogo. Nilimwomba arudi kesho yake na rangi ya kupaka kwa brashi, nikarudi ndani na kukaa sakafuni mpaka harufu ilipokwisha.

Wenzangu wa rika langu, kila mmoja wetu ana ujinga alioufanya utotoni ambao leo anausimulia kwenye harusi na watu wanacheka mpaka wanamwaga soda. Nami ninao wa namna hiyo, na nikichangamka nitawapa hata mitano. Huu wa leo si wa harusini.

Tuliishi Sitalike, nyumba ya nne kutoka barabarani, karibu na mto kiasi kwamba kiangazi tulikula ugali huku viboko wakikoroma. Baba alinunua mpunga Kasansa na kuuza Mpanda mjini. Alikuwa na pikapu nyeupe, mlango mmoja umekwama, na kwa upande wetu wa kijiji gari lilikuwa hilo hilo moja. Lilibeba mpunga, lilibeba bibi harusi, lilibeba kwaya wakati wa Pasaka. Na mtu akizidiwa, lilimbeba hadi hospitali Mpanda.

Sasa nieleze jambo ambalo mtoto wa miaka tisa anaweza kulielewa vibaya kabisa, na akawa na uhakika nalo kuliko wakubwa wote. Kati ya nyumba yetu na barabara kulikuwa na mfereji uliochimbwa na mvua. Gari likipita pale, baba alikanyaga breki, na taa mbili za nyuma zikawaka nyekundu. Wakati wa kupeleka mgonjwa, wanawake walisindikiza gari kwa miguu hadi mwisho wa uwanja, nami nilisimama katikati yao, macho yangu yakiwa sawasawa na taa zile. Wa kwanza kumwona akienda alikuwa babu. Taa zikawaka gari lilipofika mferejini, na babu akarudi amefunikwa shuka. Wa pili alikuwa Mama Leokadia, jirani aliyenifundisha kusuka. Taa zikawaka, akarudi hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Kasiani, tuliyekaa naye dawati moja. Nilimpungia mkono, taa zikawaka, na Jumatatu nikakaa kwenye dawati peke yangu.

Basi nikajua. Taa zikiwaka nyekundu, gari limemkubali mtu, na akikubaliwa harudi. Abiria wazima waliokwenda sokoni sikuwahi kuwasindikiza, kwa hiyo hawakuniharibia imani yangu. Leo najua kwamba kwetu mgonjwa hakupandishwa gari mpaka mizizi ya jirani imeshindwa, na dawa ya duka imeshindwa, na ndugu wamekaa kikao mara mbili. Alipopanda alikuwa keshafika pabaya, na baba wa watu akafunga breki kwa sababu ya mfereji. Lakini hayo nimeyajua na mvi zimeshaanza. Wakati ule nilichojua ni taa.

Mama alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilimtesa na mtoto hakuishi, kwa hiyo nesi wa zahanati alimwambia baba bila kupindisha maneno, "Huyu asijifungulie nyumbani. Gari likae tayari, uchungu ukianza tu, Mpanda." Nyumba nzima ikashukuru kwamba gari tunalo. Mimi nililia nyuma ya jiko. Nilimfuata bibi, mama yake baba, nikamwambia mama asipande ile pikapu.

Bibi alikuwa ananiita mke mwenzake, na kila nilichosema alikigeuza utani. "Eti mke mwenzangu, sasa unataka apande punda?" akacheka. "Au tumbebe mgongoni mimi na wewe?"

Sikumwambia habari ya taa. Niliogopa kwamba nikitamka, zitasikia.

Ndipo akaja baba mdogo Deo. Huyu alikuwa kitinda mimba wa bibi, kaka yake akiwa baba yangu. Alishuka Mpanda na gari moshi akitokea Dar es Salaam, alikokaa miaka miwili kwenye gereji za watu, na aliingia kwetu na begi moja, viatu vya soli nene, leseni ya udereva iliyofungwa kwenye nailoni, na kopo la rangi nyeusi ya kupuliza. Nilimpenda siku ile ile. Alikuwa mtu mzima wa kwanza kunijibu maswali yote bila kuniambia nikacheze.

Baba alikuwa anatakiwa Kasansa kwenye mpunga. Aliondoka kwa lori la watu, akaiacha pikapu nyumbani kwa ajili ya mama, na funguo akamkabidhi mdogo wake. "Usiende nayo kuzurura," alimwambia. "Ikae hapa mpaka shemeji yako aite."

Gari halikuzurura. Lilikaa uwanjani, na kijana aliyetoka Dar na kopo la rangi akalitazama siku tatu nzima, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Kule mjini," alitutangazia, "gari lenye taa za nyuma nyekundu kama nyanya ni gari la mshamba. Siku hizi wanazipuliza nyeusi. Nyeusi nyepesi, ukikanyaga breki ndiyo wekundu unachomoza kutoka ndani. Bomba kweli!"

"Kwa hiyo unalipaka gari wanja," bibi alisema.

"Ndiyo mama, wanja."

"Kaka yako anajua?"

"Akirudi mwenyewe atashukuru."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu, nyeusi. Taa zikiwa nyeusi hazitawaka nyekundu. Zisipowaka nyekundu, mama atarudi. Nilimkimbilia baba mdogo nikamwambia nitamsaidia kazi yote, na akafurahi.

Ilikuwa Jumamosi, jua likiwa utosini. Alizisugua taa kwa msasa laini, akaziosha kwa sabuni, akazikausha kwa shati lake. Plasta ya kuzuia rangi isiruke kwenye bodi hatukuwa nayo, kwa hiyo tulipika uji mzito wa muhogo na kubandikia magazeti kuzunguka kila taa. Nilishika magazeti, nikafukuza kuku waliokuja kudonoa uji, nikaambiwa niangalie upepo. Upepo ulipotulia, akatikisa kopo na kupuliza kutoka mbali kiasi cha shubiri moja, mkono ukienda na kurudi bila kusimama. Rangi ilishuka taratibu juu ya ule wekundu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Alipuliza mara mbili, tukangoja ikauke, kisha akasema tujaribu. Kwenye jua kali vile taa haionekani vizuri, kwa hiyo alichukua kanga ya bibi kwenye kamba, akanifunika kichwa pamoja na taa ya kushoto, nikawa ndani ya kihema changu peke yangu. "Mimi nakanyaga breki, wewe unasema," aliniagiza, akaingia kwenye usukani.

"Inaonekana?"

Ilionekana. Mle ndani ya kanga wekundu ulichomoza kwenye weusi vile vile alivyosema. Kama ningesema imetosha, ingekuwa imetosha. Kazi ilikuwa imekwisha na ilikuwa nzuri.

"Inaonekana sana," nilisema. "Kama hujapaka kitu."

"We! Nimepita mara mbili!"

"Bado kabisa, baba mdogo."

Akashuka, akapuliza mara ya tatu taa zote mbili. Tukangoja, nikaingia tena ndani ya kanga. Safari hii wekundu ulikuwa kidogo sana, chini kwenye kona.

"Na sasa?"

"Inaonekana. Mpaka inaumiza macho."

Alicheka, akasema balbu za baba ni kiboko, akapuliza ya nne mpaka kopo likaanza kukohoa. Nilipoingia mara ya mwisho nilisikia pedali ikilia alipoikanyaga. Nilifungua macho yote. Sikuona taa, sikuona hata vidole vyangu. Ilikuwa giza na harufu ya rangi tu.

"Vipi?" aliita.

"Inawaka."

"Kushoto?"

"Inawaka."

Nikahamia upande wa pili na kanga yangu kichwani.

"Kulia?"

"Inawaka, baba mdogo."

"Safi. Una macho, mtoto wa kaka."

Sitawadanganya kwamba moyo ulinisuta. Nilijisikia vizuri kupita kiasi. Jioni ile nilikula sahani mbili, nikamtazama mama akinyoosha miguu yake iliyovimba, nikamhurumia kwa kutojua alivyookolewa.

Uchungu ulimwanza Jumanne asubuhi. Baba mdogo aliwasha gari, mama akawekwa mbele karibu naye, na bibi akapanda nyuma juu ya godoro, na beseni, na mzigo wa kanga, na chupa ya uji. Niliomba kwenda. Bibi akaniinamia kutoka juu ya gari akanifinya shavu. "Baki ulinde kuku, mke mwenzangu. Nakuletea mtu wa kucheza naye."

Nilisindikiza gari pamoja na wanawake. Lilifika kwenye mfereji, likapunguza mwendo, likainama upande mmoja kisha mwingine, likapita. Taa hazikuwaka. Nilirukaruka pale vumbini nikapiga makofi, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama nimepatwa na kichaa, mama yangu yuko kwenye hali ile. Nilirudi nyumbani nikafagia uwanja wote, nikaosha vyombo, nikawasha moto na kuimba.

Barabara ya kwenda Mpanda, wakati wa kiangazi, gari likipita linaacha ukuta wa vumbi. Madereva wa kule walikuwa na namna yao. Ukiwa nyuma ya mwenzako huoni gari lake kabisa, ila unatazama wekundu. Wekundu ukiwaka ndani ya vumbi unafunga breki, usipowaka unaendelea, maana njia ni nyeupe. Kila dereva alijua hivyo, hata baba mdogo alijua. Mimi ndiye sikujua, na hakuna aliyefikiria kumwambia mtoto.

Saa nane mchana alifika uwanjani kwetu mwanamume mrefu kwenye baiskeli, Msukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe zao. Miguu yake yote ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Hakuteremka vizuri, aliiacha baiskeli ianguke.

"Hapa ndipo kwa wenye pikapu nyeupe?" aliuliza. "Mkubwa yuko wapi?"

Jirani yetu akatoka. Nami nikasogea na mwiko mkononi.

"Ng'ombe zangu zilikuwa zinavuka," alisema yule mtu, na alikuwa anahema. "Kijana wenu alisimama vizuri kabisa, sina neno naye. Lori la magunia lilikuwa nyuma yake kwenye vumbi. Halikusimama. Dereva analia, anasema hakuona taa, anaapa kwa Mungu hakuona taa."

"Mama yangu?" nilisema.

Alinitazama, akainama. "Mama yako mzima, mwanangu. Wa mbele wote wazima. Lori lenyewe ndilo limempeleka hospitali."

Kilichonipata hapo nimekibeba maisha yangu yote. Nilifurahi. Kabla hajamaliza kusema, nilifurahi kutoka unyayoni hadi utosini, kwa sababu nilikuwa nimefanya jambo na limefanya kazi, mama alikuwa mzima. Nilikuwa bado nina tabasamu usoni aliposema, "Ila yule bibi wa nyuma," na akashindwa kuendelea, akafunika uso kwa mkono wake wa vumbi.

Jirani alipiga yowe. Mimi sikulia. Nilisimama na mwiko nikijaribu kuelewa. Taa hazikuwaka. Niliziangalia mwenyewe pale mferejini, hazikuwaka, kwa hiyo gari halikumkubali mtu yeyote. Nilikwenda kwenye kamba ya nguo nikaikuta kanga ya bibi, ile niliyojifunika, ina alama nyeusi mahali ilipogusa rangi mbichi. Hapo ndipo nikaelewa, yote kwa mara moja, nikakaa chini kati ya kuku.

Mama alijifungua mtoto wa kike jioni ile ile. Siku ya pili ya msiba alirudi naye, wakampa jina la bibi kama desturi yetu, na watu wakawa wanalia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Baba alikuja kutoka Kasansa na udongo wa jarubani ukiwa kwenye viatu. Alimzika mama yake bila kumtazama mdogo wake hata mara moja.

Siku ya tatu baada ya maziko, ukoo ulikaa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na baba mdogo Deo kwenye kigoda katikati, mkono wake umefungwa bendeji. Nilikuwa nimeegemea goti la shangazi.

"Nauliza mara moja," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Ulipozipaka taa, ulizijaribu?"

"Nilizijaribu, kaka."

"Zikawaka?"

"Ziliwaka. Ndivyo ninavyojua mimi. Ziliwaka."

"Nani alikuwa nyuma anaangalia?"

Baba mdogo aliinua macho akaniona. Aliniona kabisa, kisha akayarudisha chini. "Nilikuwa peke yangu."

"Deo. Mtu mmoja anakanyaga breki mbele, na huyo huyo yuko nyuma anatazama?"

Alisugua bendeji yake. Mzee mmoja akaguna, mwingine akasema kwa ukali, "Basi hukujaribu. Umemuua mama yako kwa urembo, na sasa unaongeza uongo juu ya kaburi." Mabenchini wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Nilisimama. Sijui nilipata wapi nguvu. "Nilikuwa mimi," nilisema. "Nilikuwa ndani ya kanga ya bibi. Nilisema inawaka na haikuwaka. Nilimdanganya."

Nilisikia kitoto kikinyonya. Nilingoja wanipige. Nilitaka wanipige.

"Jamani," shangazi alisema, na machozi yakamtoka, akanivuta kifuani. "Jamani oneni upendo wa huyu mtoto. Anataka kumbebea baba yake mdogo."

"Nasema kweli!"

"Najua, mama, najua. Nyamaza."

"Mtoto ana utu kuliko nyie wakubwa," mzee yule yule alisema, na wengi wakaitikia. Baba alikuja akaninyanyua, akaficha uso wake shingoni kwangu, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Mchana walinipa kipande cha nyama kilichokuwa cha wazee. Nilikishika mkononi mpaka kikapoa.

Mtu mmoja tu pale uwanjani hakunisifu. Baba mdogo alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kigoda, mdomo wazi, ananitazama. Siku zote zile alidhani balbu zilikatika njiani, au waya ulilegea. Nilimwona akielewa, na sijaona tena uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Baba alimwambia aondoke, na kwamba kuanzia siku ile hana kaka. Aliondoka mchana ule ule na hajarudi Sitalike mpaka leo. Mtu mmoja alisema alimwona kule Sibwesa akilima, mwingine akasema yuko Kigoma. Mdogo wangu mwenye jina la bibi ana watoto wake sasa, na hajawahi kumwona baba mdogo Deo.

Mchana ule, kabla hajaondoka, nilimfuata baba mdogo nyuma ya nyumba alipokuwa anafunga begi lake kwa mkono mmoja. Nilimshikia zipu. Ilipofungwa, akaniuliza.

"Hukuona kabisa?"

"Sikuona."

"Na ile ya tatu?"

"Niliona kidogo."

"Sasa kwa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za babu, na Mama Leokadia, na Kasiani, na mfereji, na jinsi gari linavyomkubali mtu. Nilimwambia nilitaka mama arudi. Sikufikiria kwamba nyuma nako kuna mtu. Alisikiliza yote. Aliinua mkono wake mzima nikafumba macho, lakini alijishika kichwa mwenyewe.

"Nakwenda kuwaambia tena," nilisema. "Nitasema kwa sauti kubwa. Nitaapa."

Alichuchumaa mbele yangu, akanishika bega.

"Umeshasema mara moja," aliniambia. "Usirudie tena. Watakuamini."